Kikombe Kisicho na Mkono

Hebu niambie, ungebakiwa na neno moja tu mdomoni, mengine yote yakaenda zake, ungependa liwe lipi? Usijibu haraka. Kuna watakaosema jina la Mungu, na kuna watakaosema neno la kuombea maji. Kinyozi hakupewa nafasi ya kuchagua. Lake lilikuwa "bado."

Alikuwa kinyozi tangu ujana wake, hata wakwe zake walishasahau jina alilopewa na wazazi. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, amempaka mteja povu, amemaliza shavu moja, mara akaona wembe unamponyoka. Akainama kuuokota, na hakuinuka. Mteja alitoka mbio barabarani kuita watu, nusu ya uso nyeupe kwa povu, nao waliomwona walicheka kwanza kabla ya kuelewa.

Alipofumbua macho alikuwa hospitali. Mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Binti yake, kitindamimba, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kinyozi alizungusha macho chumba kizima akimtafuta mkewe. Akatazama mlango, akamtazama binti, akatazama mlango tena. Binti alilielewa swali. Akavuta shuka ambayo tayari ilikuwa imenyooka, akasema kwa sauti ndogo, "Bado, baba. Mama bado hajaja."

Neno lile likaingia sikioni, likateremka mdomoni, likakaa kitako. Maneno mengine yalipokuja kubisha hodi yalikuta mlango umefungwa na ufunguo anao Bado.

Basi akarudishwa nyumbani nalo. Ukimuuliza ameshiba, bado, na binti anamwongezea chakula mpaka mzee anaitazama sahani kwa huruma. Ukimuuliza ametakata, bado, anamwagiwa maji mengine mpaka vidole vinakunjamana. Na ndevu zake, ambazo mtaa mzima ulizitolea mfano kwa kunyooka, sasa zilinyolewa na binti kwa mkono wa woga, zikabaki mabaka mabaka. Si wanasema kinyozi hajinyoi?

Fundi viatu, rafiki yake wa kibanda cha mkabala, alikuja kumjulia hali. Huyo alikuwa mtu wa utani hata msibani.

"Vipi, mzee mwenzangu," akamwambia kwa sauti kubwa kana kwamba maradhi yalikuwa ya masikio, "umekufa?"

"Bado!" akajibu Kinyozi.

Fundi viatu akacheka akishika mbavu, na Kinyozi naye upande mmoja wa mdomo ukacheka. Ndipo macho ya mgeni yakaangukia kigoda cha mke wa Kinyozi, kilichoegemezwa ukutani miguu juu. Kicheko kikamkauka. Akamtazama binti, binti akatikisa kichwa kidogo sana. Chai haijapoa, fundi viatu akaaga.

Kinyozi aliona. Ulimi ulikuwa umelala, macho hayakulala.

Mkewe amekufa. Alilijua hilo kama anavyokijua kiganja chake, ingawa hakuna aliyemwambia. Yeye aliambiwa mama amesafiri, yuko kwa dada yake anayeumwa, njia mbaya, atarudi. Lakini miwani ya mama ilikuwa ndani ya droo ya kabati, ile ile yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi. Mwanamke yule bila miwani alikuwa akitia chumvi kwenye chai. Ataenda safari gani akaiacha? Na viatu vyake vya kutokea vilikuwa chini ya kitanda, vimefutwa vumbi. Aliye hai hafutiwi viatu vumbi, anavivaa mwenyewe.

Hakuwa anataka mengi. Alitaka jambo moja: apelekwe pale walipomlaza. Amezikwa yeye akiwa kitandani na mipira puani, bila hata kutupa konzi moja ya mchanga juu ya mtu aliyelala naye ubavu kwa ubavu tangu wakiwa vijana wasio na godoro. Apelekwe tu. Asimame, au akae kama miguu itakataa.

Siku moja aliichukua ile miwani, akamnyooshea binti, kisha akaonyesha mlango wa nje. "Bado," akasema, jasho likimtoka. "Bado, bado, bado."

"Unataka kusoma, baba?" Binti akaipokea miwani, akairudisha kwenye droo, akamletea miwani yake yeye na gazeti. "Hiyo ni ya mama. Atarudi aikose."

Kinyozi akalitupa gazeti likagonga ukuta. Binti akakimbilia jikoni, akampigia simu kaka yake mkubwa anayeishi mji mwingine. Ukuta ulikuwa mwembamba, na kaka mtu alikuwa na sauti ya mnada.

"Daktari alisemaje? Asishtuliwe! Ukimwambia sasa utazika wawili. Mwache apate nguvu."

"Mpaka lini, kaka? Mimi uongo unaniisha."

"Bado kwanza," ikasema simu.

Kinyozi alilala akitazama dari. Binti alikuwa anamficha baba, na baba hana ulimi wa kumwambia binti kwamba hakuna kilichofichika. Nyumba moja, msiba mmoja, na kila mtu ameubeba peke yake chumbani kwake. Miwani aliiiba tena kutoka kwenye droo, akaitia mfuko wa shati. Haikutoka humo tena.

Aliyewaelekeza kwa Bi Vigae ni dada wa mazoezi pale kliniki. Alikuwa amempa mzee mpira wa kuminya, na mzee aliuminya kwa chuki mpaka ukapasuka. "Huu mkono unataka kazi," akasema yule dada. "Mpeleke kwenye udongo."

Banda la Bi Vigae lilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, unapita katikati ya nondo na mifuko ya saruji. Paa la bati, benchi refu lililopauka, mapipa ya udongo yaliyofunikwa magunia yenye maji, na kwenye kona tanuri la matofali lililojaa masizi mpaka juu. Bi Vigae mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye udongo mpaka kwenye viwiko, akinywa chai kwenye nusu ya bakuli lililopasuka. Mfinyanzi hulia gaeni, na yeye wala hakuona haya.

Kitu kimoja kilikuwa cha ajabu kwake. Vyombo vyake alivisema kama watu. "Huyu amenenepa kiunoni. Huyu ana usingizi, mwacheni. Huyu hanipendi."

Kulikuwa na mwanafunzi mwingine, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Kila Bi Vigae aliposema hivyo, Redio alimsahihisha. "Chungu ni ki-vi, Bi Vigae. Kimenenepa. Siyo amenenepa."

"Ki-vi kaiache darasani kwako," Bi Vigae alimjibu. "Hapa wana roho."

Akamketisha Kinyozi kwenye benchi, akamtupia bonge la udongo mbele. "Karibu, mzee. Mama hakuja kukuona unavyojichafua?"

"Amesafiri," binti akadakia.

Kinyozi akautazama udongo. Akatia mkono wa kushoto. Ulikuwa baridi na mzito, ukanata kwenye kucha. Akaukandamiza, akaukunja, akaukandamiza. Bi Vigae alipita nyuma yake.

"Umelainika?"

"Bado," akasema Kinyozi.

Bi Vigae akalikata lile bonge kwa uzi, akatazama ndani, akaona vitundu. "Kweli, bado. Una hewa." Akaendelea na safari yake.

Kinyozi alibaki ameduwaa. Tangu aanguke, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza kitu akajibu sawa. Akakanda tena. Umelainika? Bado. Na kweli ulikuwa bado. Akafinyanga kitu, kikawekwa kivulini. Amekauka huyo? Bado. Bi Vigae akakigusa kwa shavu lake, kikawa bado kibichi.

"Watu wenye midomo mizima wote huniambia 'tayari' kabla ya wakati," Bi Vigae akawatangazia wengine. "Nao vyombo vyao hupasuka. Mwanafunzi ni huyu." Alidhani mzee ni mtu wa uangalifu. Hakujua kwamba hana neno jingine. Binti alifungua mdomo aeleze, kisha akaufunga, kwa sababu alimwona baba yake amenyoosha shingo kama zamani, alipokuwa akimaliza kichwa cha bwana harusi.

Chombo chake cha kwanza kilifanana na kofia iliyokaliwa. Cha Redio kilikuwa kinalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Redio alikitazama cha Kinyozi akacheka, Kinyozi akamwonyesha cha kwake kwa kidole, wakacheka wote. Nyumbani kijiko kikimponyoka mzee, hewa ilijaa "pole baba, pole baba," mpaka akatamani kutupa na sahani. Pale bandani kila mtu alikuwa hawezi. Ukiharibu, unaambiwa, "Loo, umemtia kitambi!" kisha unapewa bonge jingine. Hakuna aliyekupa pole kwa kuwa mwanafunzi.

Na ule mkono uliolala? Bi Vigae aliunyanyua kama anayenyanyua mwiko, akauweka ndani ya chombo. "Mkono mmoja unasukuma, mwingine unapokea. Wa kupokea hauhitaji akili. Unahitaji kuwepo." Basi wa kushoto ukasukuma kwa nje, wa kulia ukawa ukuta wa ndani. Wiki zikapita hivyo. Asubuhi moja, udongo ukiwa umeegemea, kidole gumba cha kulia kikausukuma kidogo kurudi. Kinyozi hakumwonyesha mtu. Alikitazama kidole chake kama mtu anayemwona mtoro akichungulia langoni.

Chombo kikishakauka nusu, kikawa kigumu kama sabuni, hukwanguliwa kilainike. Bi Vigae alimpa kipande cha bati, Kinyozi akakikataa. Akamwashiria binti, na kesho yake binti akamletea wembe wake wa zamani wa mpini wa mfupa. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaulaza, akavuta. Nyuzi nyembamba za udongo zikadondoka kama nywele.

"Mnyoe, Kinyozi, mnyoe!" Bi Vigae akapiga kelele. "Huyo ana ndevu mpaka kwenye shingo!"

Alichokuwa akinyoa kilikuwa kikombe. Kilimchukua muda mrefu na vyenzake kadhaa vilikufa njiani, lakini hiki kilisimama. Kilikuwa kinene kidogo chini, mdomo umepinda kama wa mwenyewe. Bi Vigae alipokiona aliona kimepungukiwa kitu kimoja tu, akasema moyoni, maskini, mkono mmoja utaungaje mkono wa kikombe? Kinyozi alipokwisha kwenda nyumbani, yeye akafinyanga mkono mzuri, akaukunja, akaubandika.

Kesho yake Kinyozi alifunua kitambaa, akakitazama kikombe. Uso ukamwiva. Akachukua wembe, akaukata ule mkono kwa pigo moja, ukaanguka sakafuni.

"Ebo!" Bi Vigae akashika kiuno. "Mkono wangu wa watu!"

"Kikombe bila mkono ni bakuli," akasema Redio.

Kinyozi alikuwa anahema. Mdomo ulikuwa unafanya kazi, unatafuta, shingo imesimama mishipa. "Ha," akasema. "Ha… hana."

Banda zima likamgeukia. Lilikuwa neno jipya.

"Hana!" akarudia Kinyozi, machozi yanamtoka.

"Hakina, mzee," Redio akamsahihisha, naye kwa furaha tu. "Kikombe hakina mkono."

"Hana."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Alikijua kikombe hicho. Cha mama kama hicho kilikuwa nyumbani kwenye rafu, cheupe, kilichovunjika mkono binti alipokuwa mtoto, na aliyekivunja alikuwa yeye. Mama alikataa kununuliwa kingine. Alikinywea kwa viganja viwili, akisema hivi kinampasha vidole moto. Binti akatoka nje, akasimama kwenye nondo, akajiambia, baba amemkumbuka tu mama aliyesafiri. Basi. Amemkumbuka tu. Mtu akishauzoea uongo huanza kuula yeye mwenyewe.

Kinyozi akaukoroga udongo mbichi, akaziba lile kovu la mkono uliokatwa. Akalainisha kwa kidole gumba cha kulia, kile mtoro. Akapendezwa. Hakujua kwamba udongo mbichi juu ya mkavu haushikani, maana mmoja unajikunja wakati mwenzake ameshamaliza kujikunja. Ni kosa la kila anayeanza. Bi Vigae hakuona, alikuwa amenuna kwa ajili ya mkono wake.

Vyombo vikaingia tanurini. Moto ukawashwa, na katikati ya moto ukasikika mlio mmoja, kama mtu aliyepiga kofi gizani. Bi Vigae akafumba macho. "Mmoja ameondoka," akasema, "sijui ni nani."

Siku ya kufungua tanuri wote walikuwepo. Matofali ya mlangoni yakatolewa moja moja, bado yana joto. Likatoka jungu la Redio, limelala upande vile vile lakini zima, naye akalikumbatia kama mjukuu. Kisha Bi Vigae akaingiza mkono ndani kabisa, akatoa vipande. Akavipanga kwenye benchi mbele ya Kinyozi, taratibu. Ufa ulikuwa umeanzia pale pale penye kovu.

"Pole, Kinyozi," akasema. "Huyu amekufa."

Binti akaruka kana kwamba amemwagiwa maji. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa mbele ya baba tangu ule utani wa fundi viatu. Hata kuku wakifa kwa jirani, nyumbani kwao walisemwa wamepotea. "Kimevunjika," akasema haraka. "Kimevunjika tu, baba. Utatengeneza kingine, utaona, kizuri zaidi…"

"Amekufa," akasema Kinyozi.

Lilitoka zima, halikukwama popote. Neno lilikuwa limelazwa mbele yake, na yeye aliliokota tu.

"Kimekufa," akasema Redio kwa mazoea. "Kikombe, mzee, kime…" Akazimika. Kwa mara ya kwanza Redio akazimika, maana aliona kwamba Kinyozi hakitazami kikombe.

Kinyozi alikuwa anamtazama binti yake. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, akatoa miwani, akaiweka benchini katikati ya vigae. Uzi mweusi ulikuwa umelegea.

"Amekufa," akasema tena.

"Nani, baba?" Lilikuwa swali la kijinga, na binti alilijua, lakini hofu haina akili.

"Ma… mama yenu."

Binti akaukamata mkono wake akimngoja aanguke. Ndivyo alivyoambiwa, kwamba akijua ataanguka. Akangoja. Kinyozi hakuanguka. Alisimama, kiganja cha kulia kimebonyea juu ya benchi, kinamshikilia.

"Ulikuwa hujafumbua macho," binti akasema, na sasa maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililokatika. "Alikuwa anakuja kwako. Lifti ilijaa, akasema atapanda ngazi. Walimkuta kwenye ngazi, baba, chini kidogo tu ya wodi yako. Chupa ya chai alikuwa ameikumbatia, haikumwagika hata tone. Tukamzika wewe umelala. Kaka alisema tukufiche… hapana. Mimi ndiye niliyeanza. Wewe ulitazama mlango, mimi nikasema bado. Niliogopa utaniacha na wewe."

Kinyozi akainua mkono wa kushoto, na binti akadhani anabembelezwa. Mkono ukashuka kwenye benchi kwa kishindo, vigae vikaruka. Akapiga tena. Alikuwa na hasira ya miezi mingi, kila sahani aliyoongezewa, kila "atarudi." Akapiga mpaka kiganja kikachanika. Kisha akakaa, akalia kwa sauti, kilio cha mdomo uliopinda ambacho si kizuri kukitazama, na hakuna aliyemwambia pole.

Bi Vigae hakujua afanye nini na mikono yake. Mikono isiyojua hufanya ilichozoea, nayo ikachukua nyundo. Pale bandani chombo kilichokufa hutwangwa kikawa unga, unga ukachanganywa na udongo mpya ili mwingine asipasuke. "Tumtwange?" akauliza kwa unyonge. "Ataingia kwa wenzake."

"Bado," akasema Kinyozi.

Na safari hii alilichagua.

Akavikusanya vigae kimoja kimoja, akivisogeza kwa wa kushoto mpaka kwenye kiganja cha kulia, nacho kikapokea. Binti akavua mtandio wake, akautandaza, wakavifunga humo pamoja na miwani. Damu ya kiganja ilikuwa imelowesha kitambaa. Nje, mtu wa duka alikuwa anahesabu nondo kwa sauti.

"Baba," binti akasema, amepiga magoti kwenye vumbi la udongo. "Sitakuambia tena uongo. Niambie unataka nini. Hata kama ni kunifukuza, niambie."

Mdomo wa Kinyozi ukaanza kazi. Ukafunguka, ukafunga. Lile neno la zamani likaja mbele kama kawaida yake, likasimama mlangoni, akalimeza. Akashika kile kifurushi kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayejipasha moto.

"Ni…" akasema. "Nipe… nipeleke kwake."